Kura 23,000 hazikuhama North Shropshire

Nimemsikia tena mchambuzi redioni: eti wapiga kura elfu 23 wa chama cha Conservative walihamia chama cha Liberal Democrats kule North Shropshire, jimbo la ubunge Uingereza, katika uchaguzi mdogo wa 2021. Jamani! Kila uchaguzi mdogo wa Uingereza ukitoa matokeo ya kushtua, hesabu hii mbovu inafufuliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Owen Paterson, mbunge wa Conservative wa jimbo hilo, alibainika kuwapigia debe serikalini waliokuwa wakimlipa, serikali ya Conservative ya waziri mkuu Boris Johnson ikamkingia kifua, ikaumbuka, akajiuzulu. Desemba 16, 2021, jimbo ambalo Conservative walilihesabu mali yao likachukuliwa na Helen Morgan wa Liberal Democrats kwa tofauti ya kura 5,925. Swingi, yaani kipimo cha jinsi kura zilivyoegemea kutoka chama kimoja kwenda kingine, asilimia 34. Haya.

Hiyo elfu 23 imetoka wapi? Ni tofauti aliyoshinda nayo Paterson kwenye uchaguzi mkuu wa 2019: kura 22,949. Mwaka huo alipata 35,444. Aliyemrithi kwenye karatasi ya kura akaambulia 12,032. Zimepungua 23,412. Sasa mtazame Morgan: kutoka 5,643 hadi 17,957. Ameongeza 12,314 tu! Hata tukisema kila kura mpya ya Morgan ilitoka Conservative, bado zaidi ya 11,000 hazionekani. Nyingi hazikwenda popote, wenyewe walibaki nyumbani. Waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 68 hadi 46. Mteja asiyefika dukani kwako leo si lazima awe amekwenda kwa jirani.

Halafu kuna chama cha Labour, ambao wachambuzi wetu huwaruka kabisa. Mwaka 2019 wao ndio walikuwa wa pili pale, si Liberal Democrats. Lakini kura zao zilianguka kutoka 12,495 hadi 3,686. Kama wengi wa wapiga kura hao wa Labour walimpa Morgan ili Conservative waanguke, wahamaji wa Conservative aliowahitaji wanapungua sana.

Na tafadhali, swingi haihesabu watu. Ni wastani wa pointi za asilimia 37 alizopanda Morgan na 31 walizoshuka Conservative. Mtu wa Conservative aliyelala nyumbani anaipandisha swingi bila kumpigia yeyote kura.

Je, wahamaji walikuwepo? Naamini walikuwepo, tena maelfu. Lakini elfu nne au tisa? Kura ni siri; matokeo peke yake hayasemi, na anayekutajia namba kamili anabahatisha.

Kinachonisumbua zaidi ni kauli ya sisi wenyewe wachambuzi wa uchaguzi, kwamba kura ya hasira hurudi kwa chama chake cha zamani uchaguzi mkuu ukifika. Mwaka 2024 ukafika, Morgan akakitetea kiti kwa tofauti ya kura 15,311. Ni wahamaji wa 2021 waliokwisha kutulia, au ni chama cha Reform UK waliokuwa wakizimega kura za Conservative nchi nzima? Nimeona hoja nzuri za pande zote mbili, na hakuna hata moja iliyoniridhisha.