Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa uzamivu, yaani PhD, huchagua mtu kabla ya kuchagua chuo?

Alfajiri, mwalo wa Igombe, Mwanza. Mitumbwi ya dagaa inaingia mmoja baada ya mwingine na akina mama wameshapanga ndoo mchangani. Pembeni, juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amekaa kijana mwenye mizani ndogo, rula ya shule na daftari lililovimba kwa maji. Amenunua kikopo kimoja cha dagaa na sasa anawapima mmoja mmoja, urefu kwanza, kisha uzito. Akifika mia mbili anasimama, ananyoosha mgongo, anaomba chai. Wavuvi wanamwita Dokta, ingawa udaktari wenyewe bado uko mbali.

Huyu ni jirani yangu, tunapanga nyumba moja Nyegezi. Mbalamwezi ikiwa kamili humwoni Igombe, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haivuti kitu. Kalenda ya utafiti wake inafuata giza, na mihula ya chuo inamfuata yeye ikiweza.

Siku moja nilimuuliza alichaguaje chuo. Akasema hakuchagua chuo, alichagua mtu. Nilidhani ananitania, maana sisi wengine tulikwenda chuo kwa jina lake, kwa ada, au kwa sababu shangazi anaishi karibu. Kumbe kwa ngazi ile mambo yanageuka, na sababu yake inafaa kuijua kabla hujajaza fomu yoyote.

Anza na neno lenyewe. Uzamivu umetokana na kuzama. Ukitaka picha, tazama maziwa yetu mawili. Ziwa Victoria ni kubwa kuliko yote Afrika, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na penye kina zaidi hapafiki mita mia. Tanganyika ni jembamba, ila linashuka hadi mita 1,470 hivi. Shahada ya kwanza ni Victoria: unagusa mengi, walimu wengi, mitihani mingi, na mwalimu mmoja akiwa mbovu wapo wengine tisa wa kukuokoa. Uzamivu ni Tanganyika. Unashuka na swali moja, miaka mitatu, minne, wakati mwingine saba, na aliyeshika kamba juu ni mtu mmoja: msimamizi wako.

Yeye ndiye anayesoma pendekezo lako la utafiti, anayejua fedha ziko wapi, anayekuandikia barua za utambulisho, anayekwambia sura ya pili ni takataka kabla watahini hawajakwambia. Ni ufundi wa kukaa na fundi, kama kijana anayejifunza kuunda mitumbwi. Hakuna anayeuliza karakana ina ghorofa ngapi. Wanauliza ulijifunza kwa nani.

Mfano mzuri wa jambo hili uko hapa hapa, kwenye Ghuba ya Mwanza. Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu, wale samaki wadogo wenye miiba ambao bibi zetu waliwakausha juani. Jina la kikundi lilikuwa HEST, na Frans Witte alikuwa miongoni mwao tangu mwanzo. Leiden ni mji mdogo wa mifereji, hauna furu hata mmoja nje ya matangi na chupa za makumbusho. Lakini kwa miaka mingi, aliyetaka kuzama kwenye furu wa Mwanza alikuwa na sababu nzuri ya kwenda huko, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa watu wanaowajua. Ukitafuta chuo kwa kuangalia ramani, Leiden usingeifikiria.

Swali lao lilikuwa tamu. Ziwa hili lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena, na bado lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Wanaishije pamoja bila kunyang'anyana chakula? Wakapasua samaki, wakatazama mataya. Huyu anavunja konokono. Yule anakwangua magamba ya wenzake. Kuna mwingine anamvizia mama aliyebeba makinda mdomoni, anamsumbua mpaka ayateme, kisha anayala. Unaweza kumaliza uzamivu mzima kwa taya moja, na sisemi kwa kejeli.

Halafu sangara akaja juu. Alikuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, lakini kwenye Ghuba ya Mwanza alilipuka miaka ya mwanzo ya 1980. Furu walioujaza wavu wakaanza kukosekana. Inakadiriwa aina 200 hivi zilitoweka. Hebu jiweke hapo: umekuja kuuliza samaki hawa wanaishije, na samaki wenyewe wanaisha mbele ya macho yako. Kikundi dhaifu kingefungasha. Hawa waligeuza swali, wakaandika jinsi ziwa lilivyobadilika mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa walikuwa na takwimu za kabla ya sangara, kazi yao ikawa na thamani ambayo hawakuipanga. Witte mwenyewe alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1987, miaka 10 tangu kazi ianze.

Baadaye akaja mwanafunzi mwingine, Ole Seehausen, akazama kwenye visiwa vya miamba vya ghuba hiyo hiyo. Aliona kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani, jike anakosea, aina mbili zinachanganyika na kuwa moja. Mwaka 1997, akiwa bado mwanafunzi, aliandika hayo pamoja na Witte na Jacques van Alphen kwenye jarida la Science. Ona majina yalivyopangwa: la mwanafunzi kwanza, la wakubwa nyuma. Ukimchunguza msimamizi, hiyo ni ishara moja ya kuangalia. Kama kwenye kila makala jina la bosi liko mbele na wanafunzi wake hawaonekani, jiulize.

Basi unampataje mtu huyo? Jirani yangu alianza na makala. Alisoma kila alichopata kuhusu dagaa, akaandika pembeni majina yanayojirudia, yakabaki manne. Akawatumia barua pepe fupi: mimi ni fulani, nimesoma kazi yako hii, hapa sikukubaliana nawe, swali langu ni hili. Wawili hawakujibu. Mmoja alijibu kwa mistari miwili. Wa nne alimwandikia ukurasa mzima wa kumpinga, na huyo ndiye aliyemchagua.

Kabla ya kusaini alifanya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulifanya: aliwatafuta wanafunzi wa zamani wa yule profesa na kuwauliza. Amehitimisha wangapi? Kwa miaka mingapi? Sura ukimpelekea, inarudi baada ya muda gani? Hili la mwisho si dogo. Namfahamu dada mmoja, chuo sikitaji, aliyesubiri miezi 7 sura moja isomwe, na iliporudi ilikuwa na alama moja tu ya kalamu, koma. Aliicheka baadaye. Wakati ule alilia.

Fedha nazo zina sauti yake, na zinatofautiana nchi kwa nchi. Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo mwenye mkataba wa miaka 4 na mshahara. Marekani, hasa kwenye sayansi, idara nyingi husamehe ada na kutoa posho ukifundisha au ukifanya kazi maabara, lakini tegemea miaka 5 au zaidi, kwa kuwa ya mwanzo ni ya madarasa na mtihani mkubwa. Huko pia maombi hupitia kamati, na kwenye baiolojia wengi huzunguka maabara kadhaa kabla ya kutulia, ila mwisho wa mzunguko bado ni mtu mmoja. Uingereza ni miaka 3 hadi 4, na ada ya mgeni asiye na ufadhili inatisha. Hapa nyumbani wengi wanaosoma ni wahadhiri wasaidizi, kwa sababu bila uzamivu hupandi kuwa mhadhiri. Hao husahihisha mitihani ya wengine mchana na kuandika tasnifu usiku. Upo pia mpango wa sandwichi: unasajiliwa Ulaya, unakwenda huko miezi michache, utafiti unaufanya kwenu. Kwa mtu wa ziwa huu ni mzuri sana, maana dagaa hawapakiwi kwenye begi.

Maisha yenyewe? Vibali kwanza: COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa utafiti, na ukigusa afya za watu unapita pia kwenye kamati ya maadili. Halafu uwandani. Halafu kukaa peke yako na jedwali la namba elfu kumi ukijaribu kuelewa kwa nini Machi inakataa kulingana na Aprili. Mwishoni utasimama mbele ya jopo la watahini, mmoja wao akiwa ametoka chuo kingine, kuitetea tasnifu ambayo wakati huo umeshaichukia. Wenzako wa shule wana nyumba na watoto. Mama mwenye nyumba wetu humuuliza kila Jumapili, kwa upole kabisa, "Baba, unamaliza lini?" Naye hujibu, "Karibuni, mama," kama alivyojibu mwaka jana.

Juzi mama huyo alimletea mjukuu mwenye homa, akasema kwa nini ahangaike na foleni ya hospitali ya Bugando wakati daktari yuko uani. Jirani akamweleza kwamba udaktari wake ni wa falsafa, tena haujafika, tena ni wa dagaa. Mama akamtazama muda mrefu. Kisha tukachukua bajaji, wote wanne, tukaenda zahanati.

Wiki hii mwezi ni mpevu, hakuna anayevua. Taa ya chumba chake inawaka mpaka saa nane usiku. Yuko sura ya tatu.