Je, wajua OCT, mashine ya kupiga picha za jicho kwa mwanga, huonaje tabaka za retina, utando wa nyuma ya jicho, bila kuikata?

Nilimsindikiza shangazi kupimwa macho hapa Mombasa. Aliweka kidevu kwenye kiegemeo, akatazama nukta moja, na punde tukaonyeshwa retina yake kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokatwa kisu.

Kwa miaka niliamini mashine hiyo, OCT, ni kama kifaa cha wavuvi cha kupima kina: hutuma mwanga, husubiri mwangwi, huhesabu muda. Mwangwi upo kweli. Saa ndiyo haipo. Sauti majini huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, muda wake unahesabika. Mwanga huenda kilomita 300,000, na retina nzima ina unene wa robo milimita tu. Kati ya tabaka moja na jirani yake haipiti hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Hakuna saa ya elektroniki inayouwahi muda huo.

Kinachofanyika ni kulinganisha. Mwanga hugawanywa mara mbili, kama doti ya kanga: kipande kimoja huingia jichoni, cha pili huenda kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana. Vikirudi, hulazwa kimoja juu ya kingine. Nguo ya mistari iliyo sawa ingekudanganya, maana ukiisogeza mstari mmoja inalingana tena. Ndivyo ilivyo leza ya rangi moja. Lakini maua yasiyojirudia hulingana mahali pamoja tu. Sogeza kidogo, yanakataa. Kwa hiyo mwanga wa OCT huchanganywa rangi nyingi makusudi, ili ulingane na pacha wake pale tu safari zao zinapokaribiana kwa maikromita chache. Umbali wa kioo hapo ndio unaokupa kina cha tabaka. Mashine mpya hazisogezi kioo tena: hutawanya rangi na kukokotoa kina chote kwa mpigo.

Kundi la David Huang na James Fujimoto, Marekani, lilichapisha mbinu hii 1991. Mwaka 1997, kwa kamera tofauti na OCT, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliazima kwa wanaastronomia kioo kinachojikunja ili kunyoosha picha inayopotoshwa na jicho, wakaona seli moja moja za retina ya mtu aliye hai. Hilo bado linanishangaza.

Shangazi alikuwa akichunguzwa ugonjwa wa uzeeni wa makula, yaani sehemu ya katikati ya retina. Si mtoto wa jicho, ambao hukaa kwenye lenzi. Huu hula uoni wa katikati, na OCT huonyesha vinundu vya taka chini ya retina, au maji yaliyovuja. Ila picha ni ya mwanga uliorudi tu, haipimi uoni wenyewe, na wazee wengi wana vinundu vidogo wasipoteze uoni. Vya shangazi vilikuwa vichache. Daktari aliihifadhi picha, ya mwakani ilinganishwe nayo.