Wadruidi Tunaowajua Walizaliwa Lini?

Nikitaja Wadruidi, makuhani wa Waselti, watu wa kale wa Ulaya magharibi, swali la kwanza huwa ni Stonehenge, duara la mawe huko Uingereza. Mimi ni mwanahistoria wa Waselti, na jibu langu halibadiliki: mawe yale makubwa yalisimamishwa yapata miaka 2500 kabla ya Kristo, karne nyingi mno kabla ya yeyote kuandika habari za Wadruidi. Aliyewahusisha Wadruidi na mawe hayo ni mtafiti wa mambo ya kale John Aubrey katika karne ya 17, kisha William Stukeley akalieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1740. Hawakuwa wajinga. Enzi hizo hapakuwa na njia ya kupima umri wa magofu.

Wadruidi wenyewe hawakuandika mafundisho yao. Julius Caesar anasema baadhi ya wanafunzi walikaa hata miaka 20 wakihifadhi mashairi kwa kichwa. Tumebaki na maneno ya Wagiriki na Warumi, wengine wakiwa maadui zao. Hata lile joho jeupe na mundu wa dhahabu tunaouona kila pichani vimetoka kwenye simulizi fupi ya Pliny, mwandishi Mrumi, kuhusu kukata mmea unaoota juu ya matawi ya mwaloni.

Pengo hilo alilijaza Edward Williams, mwashi wa Glamorgan huko Wales, aliyejiita Iolo Morganwg. Alikuwa mshairi wa kweli, mjuzi wa miswada ya Kiwelisi, na mtumiaji wa afyuni. Alitunga maandishi akadai ni ya kale. Tarehe 21 Juni 1792 akawakusanya washairi kwenye kilima cha Primrose Hill, London, kwa sherehe aliyosema imerithiwa kutoka kwa Wadruidi. Akaiita Gorsedd. Mwaka 1819, mjini Carmarthen, akaiunganisha na Eisteddfod, tamasha la ushairi na muziki, na hazijaachana mpaka leo. Udanganyifu wake ulikuja kuanikwa na mtaalamu G. J. Williams katika karne ya 20.

Wapo wanaombeza. Mimi siwezi. Kiwelisi kilikuwa kikidharauliwa, naye akawapa washairi wake heshima ya hadharani. Leo mshairi mshindi huvishwa taji mbele ya umati, na shughuli yote huendeshwa kwa Kiwelisi. Ninachokataa ni kuiita ibada ya kale. Mwaka 2002, Rowan Williams, Askofu Mkuu mteule wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Anglikana, alipoingizwa kuwa mwanachama wa Gorsedd akiwa na joho jeupe, baadhi ya Wakristo walilalamika kwamba ameingia upagani. Majoho ya Gorsedd yalibuniwa na mchoraji Hubert von Herkomer, miaka ya 1890.