"Wameshaachana, Yamekwisha": Dhana Zinazowaponza Wanawake wa Kusini mwa Tanzania

Dhana: Mke akishaondoka, kipigo kimekoma.

Hapo ndipo pa kumwangalia zaidi. Mwanamume aliyezoea kutawala, siku mke anapofunga mzigo huona amenyang'anywa chake. Miezi ya mwanzo ya kuachana ina hatari kubwa, hasa kama bwana huyo aliwahi kumkaba mkewe shingo au kusema "nitakuua". Siku mbaya ni ile ya kurudia vyombo: sufuria tatu, doti ya khanga, kadi ya kliniki ya mtoto, na mtu anasubiri nyuma ya mlango. Usiende peke yako. Nenda mchana, na ndugu, mjumbe akijua. Vitisho vipeleke mapema Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Dhana: Hajamwandikia talaka, bado ana haki naye usiku.

Hana. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mume akimwingilia bila ridhaa mke waliyetengana, amebaka. (Kwa anayeishi na mumewe sheria hiyo haihesabu kuwa ni ubakaji, na mimi naliona ni pengo la aibu.)

Dhana: Mikorosho ni ya mume, jina lililoko AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni lake.

Na nani alibeba maji ya kupulizia dawa? Nani alifagia chini ya mikorosho, akaokota, akatenganisha korosho na mabibo hadi mgongo ukakataa kunyooka? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango. Talaka ya karatasi ya daftari haigawi shamba. Anzia baraza la usuluhishi la ndoa, wakishindwa, mahakamani. Wapo wanaotafuta ugomvi makusudi mnada ukikaribia, ili fedha za korosho ziingie benki mke akiwa ameshafukuzwa. Huo nao ni ukatili, hata kama hakuna kofi.

Dhana: Huku ukoo ni wa mama, mjomba yupo, nani atamwonea?

Kweli, kwa asili Wamakonde, Wamwera na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Lakini mjomba huyohuyo ndiye anayesema, "Rudi kwa mumeo, mama, vumilia." Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mjomba hakupewa mamlaka ya kuitoa ruhusa hiyo.