Kipandikizi cha kusikia: siku ya kutoa uvimbe, au baadaye?

Mama mmoja wa Uyole, Mbeya, muuza viazi, aliingia kliniki akiongea na simu, sikio la kushoto. Nikamwomba aihamishie kulia. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa: "Huku nasikia mtu anaongea, ila maneno siyapati."

Picha ya MRI ya kichwa ilionyesha uvimbe kwenye neva ya usawa wa mwili, inayopita bega kwa bega na neva ya kusikia. Si saratani. Mingi hukua milimita moja au mbili kwa mwaka, mingine haikui kabisa. Wake ulikuwa unakua, ikabidi utolewe.

"Sasa Dokta, wakishafungua huko, si waniwekee na kifaa cha kusikia siku hiyohiyo?"

Inawezekana, mama, mradi neva ya kusikia ibaki nzima. Waya wa kifaa hicho, yaani kipandikizi, huingia kwenye koklea, ile sehemu iliyojiviringa kama konokono, na kuiamsha neva kwa umeme. Neva ikikatika, ubongo haupati kitu. Ndiyo maana wapo wapasuaji wanaoipima neva palepale, uvimbe ukishatoka, kabla ya kuweka kifaa.

Kungoja kunanitia hofu zaidi. Upasuaji unaopitia mfupa wa nyuma ya sikio na kukata sikio la ndani humaliza usikivu uliobaki, na koklea inaweza kukosa damu. Ndani ya miezi inaweza kujaa kovu, kisha mfupa. Zege likishakauka, bomba utalipitisha wapi?

Lakini kifaa kina sumaku, na sumaku huacha kivuli cheusi kwenye picha ya MRI, mahali hasa tunapochungulia kama uvimbe unarudi. Mabaki ya uvimbe yakiachwa makusudi ili kuokoa neva ya uso, nakubali kusubiri, ila koklea ipigwe picha mapema na kurudiwa.

Neva ikiwa imekwenda kabisa, hasa kwa wenye uvimbe pande zote mbili, kuna kipandikizi cha shina la ubongo, kilichowekwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 1979. Wengi kinawasaidia kutambua sauti na kufuata midomo, maneno kwa shida.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na baada ya upasuaji kifaa hurekebishwa mara kwa mara. Kwa mama anayelipa nauli kwa viazi, upasuaji mmoja badala ya miwili si jambo dogo.

Kwenye barua yake ya rufaa niliandika mstari mmoja na kuupigia chini: suala la kipandikizi lijadiliwe kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa.