Bomba lililopigwa picha halibaki na mionzi

Ipo imani ya siku nyingi kwamba bomba la gesi, kama lile la Madimba, Mtwara, viungo vyake vikikaguliwa kwa picha za mionzi, chuma hubaki na mionzi. Si kweli. Miali ya gama ya iridiamu-192, chanzo cha mionzi kinachotumika kupiga picha hizo, hupita kwenye chuma bila kukigeuza. Chanzo kikirudishwa kwenye kasha lake la kinga, mionzi imekoma.

Cha kuogopwa ni chanzo chenyewe. Vyanzo hupangwa madaraja 1 hadi 5 kwa ukubwa wa madhara, la 1 likiwa la hatari zaidi, na hiki kipo la 2, ndiyo maana husimamiwa kwa ukali. Ajali hutokea kinapokwama nje ya kasha au kuchomoka kwenye waya unaokitoa na kukirudisha, fundi akasogea bila kupima. Kipimo cha mionzi kishikwe mkononi kila baada ya picha! Umbali ukiwa maradufu, dozi hushuka hadi robo.