Je, wajua kwa nini rapa anaapa "sitarudi" halafu kiitikio kinaimba "nitarudi"?

Bajaji inatoka Jamatini kuelekea Chang'ombe, hapa Dodoma, redio iko juu. Rapa anaapa kwamba kwao harudi ng'o. Hazipiti sekunde ishirini, kiitikio kinaingia: mama nisubiri, nitarudi. Abiria wa nyuma anaguna, "Huyu naye hajielewi."

Mara nyingi anajielewa vizuri tu. Kujipinga kwenye michano kuna sababu zake: nyingine za kisanaa, nyingine zimo ndani ya Kiswahili chenyewe, na nyingine ni za studio, hazina usanii wowote. Ukizijua utamtambua rapa aliyebeba mambo mawili kifuani, na utamtambua pia yule aliyeandika ovyo.

Tuchukue mfano. Mistari hii tumeitunga kwa ajili ya makala haya, ya kijana aliyetoka Bahi kuja kutafuta maisha Dodoma mjini:

Natoka Bahi na begi, mfukoni sina pesa
Mjini wameniona, wanasema ninatesa
Simu kwa mama napiga, namwambia niko poa
Nikikata nainama, macho yote yameloa
Kwetu mimi sitarudi, niacheni nakokwenda
Usingizini naota, mama kanipa mlenda

Na kiitikio, kwa sauti ya mwimbaji mwingine:

Nitarudi kwetu Bahi, nisubiri mama yangu

Hesabu kwanza. Kila mstari una mizani (silabi) 16, nane kwa nane, kipimo kilekile cha shairi la kawaida tulichokariri shuleni. Kwenye biti, yaani mdundo anaochania rapa, baa moja ina mapigo manne, na kila pigo hugawanyika mara nne, jumla nafasi 16. Mshairi wa zamani na rapa wa leo wamekutana hapo bila kupanga. Biti ikienda kwa mapigo 90 kwa dakika, baa moja inachukua kama sekunde 2.7, na vesi ya baa 16 inamalizika ndani ya sekunde 43. Kwa muda huo hakuna nafasi ya kueleza kwamba jana nilikuwa hivi, leo kwa sababu hii na hii nimekuwa vile. Rapa anaruka kutoka hisia moja kwenda nyingine, na kuunganisha anamwachia msikilizaji.

Ili uunganishe, anza kuuliza: hapa anaambiwa nani? Sarufi yetu inasaidia sana. "Niacheni" ina -ni ya wingi mwishoni, kwa hiyo hamwambii mama; anawaambia watu zaidi ya mmoja, pengine washkaji au ndugu wanaombembeleza arudi. "Nisubiri" ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ametajwa. Mstari wa tatu una wasikilizaji wawili kwa mpigo: mama anasikia "niko poa", sisi tunasikia kwamba mama ameambiwa "niko poa". Wa nne hauna msikilizaji kabisa, simu imeshakatwa. Kijana yuleyule, siku ileile, ana maneno ya barazani, maneno ya simu na maneno ya mto wa kulalia. Ukiyapanga kwenye mstari mmoja yanagombana. Ukiyarudisha kila moja kwa mwenyewe, ugomvi unabaki mmoja tu, ule wa kweli: anataka kurudi na hataki kurudi mikono mitupu.

Sasa angalia neno "ninatesa". Kwa kamusi, kutesa ni kumtia mtu maumivu. Mtaani, anayetesa ni anayeishi vizuri na kuonekana. Maana zote mbili ziko hai kichwani mwa msikilizaji, na rapa anajua. Watu wa mjini wanaliona begi na kutamka sifa. Sisi tuliosikia "sina pesa" baa moja kabla tunabaki na ile maana nyingine. Kiswahili cha mtaani kimejaa maneno ya jinsi hii. "Noma" ni balaa na ni sifa. "Hatari" hivyohivyo. Msanii akifanya vizuri jukwaani wanamwambia "umeua". Rapa anayeyatumia hajachanganyikiwa, analitumia neno lenye makali pande zote.

Vina navyo vinavuta. Maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo kupata kina si kazi. Kazi ni kukizuia kisikuburute. Andika "mama" mwisho wa mstari uone yanayopanga foleni: lawama, kukwama, kuzama, kuhama, salama. Neno moja la upendo limekuletea matatizo manne kabla hujaamua unataka kusema nini. "Pesa" ni mbaya zaidi, kina chake cha karibu ni hilohilo "tesa". Ndiyo maana nyimbo nyingi za kutafuta hela zinaishia kwenye mateso hata pale mwandishi alipokusudia kusherehekea. Kipimo chake ni rahisi: toa neno la mwisho, weka lenye maana hiyohiyo lisilo na kina. Mstari ukibaki na jambo la kusema, mgongano ulikusudiwa. Ukibaki hauna kitu, kina ndicho kilichoandika.

Kwa watu wa Dodoma, haya yana babu yake hapahapa. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 pande za Ihumwa, ndiye aliyezipa jina kubwa ngonjera: mashairi ya kujibizana, huyu anadai hili, yule analipinga, wanapandishana ubeti kwa ubeti. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilitumika mno kuelezea siasa ya Ujamaa, na shule nyingi bado zinazighani siku za sherehe. Kanuni yake ilikuwa kwamba mwishoni wabishi wanakubaliana. Asiyejua ameelimishwa, na wote wanashuka jukwaani na kauli moja.

Rap ya kujipinga ni ngonjera iliyoingizwa kwenye kifua cha mtu mmoja, ikakatwa ubeti wa mwisho. Anayedai na anayepinga wanatumia mdomo mmoja, na hakuna anayekuja kuwapatanisha. Abiria wa bajaji anayesubiri mapatano hayapati, ndipo anapoona rapa hajielewi.

Kuna kosa jingine la kusikiliza, nalo ni kudhani kila "mimi" ni msanii mwenyewe. Walimu wa fasihi humwita anayesema ndani ya shairi nafsineni. Rapa Profesa Jay, kwenye "Ndio Mzee" ya mwaka 2001, anachana akiwa kwenye viatu vya mwanasiasa anayemwaga ahadi huku umati ukimwitikia. Anayesikia "mimi" pale na kumhesabia msanii zile ahadi atakuwa ameukosa wimbo mzima. (Kwamba mwaka 2015 alichaguliwa kweli kuwa mbunge wa Mikumi ni utani wa historia, hauhusiani na sarufi.) Majigambo nayo yana kanuni zake tangu enzi za mikuki: anayejigamba anatarajiwa kuzidisha, na hakuna aliyewahi kumdai risiti. Vesi ya majigambo ikifuatwa na vesi ya kilio, zimebadilika aina za utungo, kama mtu aliyetoka uwanjani akaingia msibani.

Mgongano pia unaweza kuwa mkubwa kuliko wimbo mmoja. Albamu ya rapa wa Marekani Tupac Shakur ya mwaka 1993 ina "Keep Ya Head Up", inayowafariji wanawake waliodharauliwa, na humohumo ina "I Get Around", ya kujitapa kwa wingi wa wanawake. Wapo wanaojaribu kuzipatanisha kwa nguvu. Kwa maoni yetu hazipatani, na hazikuhitaji kupatana. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kendrick Lamar yeye alipanga kwa makusudi. Kwenye albamu yake ya 2015 kuna wimbo uitwao "u" na mwingine uitwao "i", yaani wewe na mimi. Kwenye "u" anajishambulia mwenyewe kwa nafsi ya pili, kana kwamba anamgombeza mtu mwingine. Kwenye "i" anajipenda hadharani. Anayeuliza "anaambiwa nani?" atagundua kwamba kote anaambiwa mtu mmoja.

Zile sababu za studio hazina mapambo. Vesi ya kwanza imerekodiwa Januari, ya pili Juni, na kati ya hapo msanii ameachwa, au ameoa. Kiitikio kimeandikwa na mwimbaji aliyetumiwa biti tupu kwa simu, hakuwahi kuzisikia vesi. Mstari umerekodiwa vipande vipande, kipande cha mwanzo akiwa na huzuni, kipande cha mwisho baada ya prodyuza kutania, na tabasamu linasikika kwenye sauti hata ukiwa umefumba macho. Au neno limefutwa ili wimbo upite redioni, na sentensi iliyobaki imegeuka maana. Dalili ya migongano hii ni kwamba haina bawaba: huoni neno, picha wala kituo ambapo hisia moja inageukia nyingine. Kwenye mfano wetu bawaba ni "nikikata". Iondoe, na kijana anakuwa analia bila sababu.

Wanaoandika hukosea zaidi kwa kuongeza "lakini" kila wanapogeuka. "Niko poa lakini nalia" inaeleza kila kitu na haimwachii msikilizaji chochote. Kitendo kinatosha: simu imekatwa, kichwa kimeinama. Kosa la pili ni kugeuka katikati ya baa kwenye mwendo wa kasi, masikio hayafuati. Geuza kwenye mwanzo wa baa, au acha pigo moja kimya kabla ya kugeuka.

Kuna hitilafu moja ambayo ni ya Kiswahili hasa, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Wakati ujao, nafsi ya kwanza umoja, tofauti ya kukubali na kukataa ni sauti moja: nitarudi, sitarudi. Silabi zinazofuata zinalingana zote. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hapa -ru-, kwa hiyo ile ni- au si- iliyobeba maana yote haina mkazo. Wakati uliopo hauna hatari hiyo, maana "narudi" na "sirudi" zinapishana hata kwa irabu, na "napenda" na "sipendi" zinapishana mwanzo na mwisho.

Rudi kwenye mstari wa tano. Kwe, tu, mi, mi, si: silabi ya tano ndiyo si-. Nafasi ya tano kati ya 16 ni pigo la pili, na kwenye biti nyingi za hip hop snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inagonga pigo la pili na la nne. Sauti ya s na mlio wa snea vyote vinaishi kwenye masafa ya juu, kwa hiyo snea inaifunika s barabara. Fundi sauti naye mara nyingi ameweka kifaa cha kupunguza ukali wa s. Kwenye spika ndogo ya bajaji inayobaki ni "-itarudi", na abiria anajazia mwenyewe anachotaka. Huenda mgongano aliousikia haukuwepo, au uliokuwepo hakuusikia.

Marekebisho hayagharimu kitu. Rapa anaweza kuichelewesha si- kidogo nyuma ya snea. Anaweza kuihamishia kwenye nafasi ya kwanza: "Sitarudi mimi kwetu", mizani nane zilezile, na pigo la kwanza kwa kawaida ni la kiki, ngoma yenye mlio mzito wa chini, haigombani na s. Au fundi ashushe snea kwenye pigo hilo moja tu.

Rapa ana kikwazo ambacho waimbaji wa Kigogo hawana. Kwenye nyimbo za Kigogo sauti kadhaa huenda pamoja, kila moja kwa kimo chake, na sikio linazipokea zote kwa wakati mmoja. Rapa ana mdomo mmoja, hivyo hisia mbili lazima zipange foleni, na zikipanga foleni zinafanana na mtu anayebadili kauli. Studio ndiyo inayomtoa hapo, kwa sauti za nyuma. Mwimbaji anapoimba "nitarudi" kwenye kiitikio cha mwisho, rapa anarekodi "sitarudi" kwa kunong'ona, juu ya biti iliyoondolewa ngoma, na sauti yake inawekwa chini kidogo. Silabi ni nne kwa nne. Mwanzo n na s zinasuguana kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha -itarudi inaimbwa na wote wawili.